Lebo za Boriti kwenye Ramani za Kompyuta: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kununua Mbao



Ramani nyingi zinazoletwa siku hizi mezani kwa kamati za ujenzi zimetengenezwa kwa programu ambazo hazichori mistari tu. Mchoraji hujenga jengo zima ndani ya kompyuta: ukuta ni ukuta wenye unene na kimo, dirisha ni dirisha, na kila boriti inajua ukubwa wake na urefu wake. Jengo hilo la ndani ya kompyuta huitwa modeli, na namna hii ya kufanya kazi hujulikana kwa kifupi kama BIM. Programu inayotumika sana ni Revit, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 2002. Zipo pia Archicad na Tekla Structures. Karatasi mnayopewa ninyi ni picha tu iliyokatwa kutoka kwenye modeli hiyo.

Katika makala hii tunapenda kueleza jambo moja tu la programu hizo, nalo ni lebo za boriti za sakafu: zinatoka wapi, zinasema nini, na jinsi mchoraji anavyoweza kuzibadilisha ziseme kile ambacho fundi na mtunza hazina wanakihitaji. Ni jambo dogo kwenye karatasi, urefu wake hauzidi sentimeta chache. Lakini ndilo ambalo mtu hulisoma, akalinakili kwenye kipande cha karatasi, akaenda nalo kununua mbao kwa fedha za mavuno na za wafadhili.

Mfano tutakaoutumia

Tuseme usharika unajenga nyumba ya ghorofa moja yenye sakafu ya juu ya mbao. Chumba kimoja cha chini kina upana wa meta 3.6 na urefu wa meta 9. Boriti ni zile mbao zinazolazwa mfululizo kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, zikibeba mbao za kukanyagia. Mhandisi amesema boriti ziwe za milimeta 50 kwa 200, ambazo sokoni tunaziita 2 kwa 8, na zipangwe kila milimeta 400. Vipimo hivi ni vya mfano wetu tu. Jengo lenu lina mhandisi wake, na yeye ndiye wa kusikilizwa.

Kwenye ramani, boriti hizo zitaonekana kama mistari iliyopangwa sambamba, na juu yake kutakuwa na maandishi machache. Maandishi hayo ndiyo lebo.

Lebo ni kama dirisha

Katika uchoraji wa zamani, wa mkono au wa kompyuta, mchoraji aliandika "50 x 200" kwa kidole chake. Maandishi hayo hayakujua lolote kuhusu mstari uliokuwa chini yake. Mhandisi akibadilisha ukubwa, ilibidi mchoraji akumbuke kupita kila mahali akifuta na kuandika upya, na kila aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua kwamba sehemu moja au mbili husahaulika.

Katika modeli mambo ni tofauti. Lebo yenyewe haina maneno. Ni kama dirisha linaloangalia ndani ya boriti na kuonyesha kilichoandikwa humo. Kila boriti hubeba visanduku vingi vya taarifa: jina la aina yake, upana, kimo, urefu, jenasi ya mbao, na kadhalika. Kitaalamu visanduku hivyo huitwa parameta. Lebo huelekezwa kwenye kisanduku kimoja au zaidi na kuonyesha kilichomo. Boriti ikibadilika, lebo hubadilika wakati uleule, kwenye kila karatasi inapoonekana.

Hapo ndipo penye faida, na ndipo penye mtego. Faida inaeleweka bila maelezo marefu. Mtego ni kwamba kamati ikiona lebo safi iliyonyooka hudhani kompyuta imepima mbao. Kompyuta imeonyesha tu kisanduku ilichoelekezwa. Ikiwa imeelekezwa kwenye kisanduku kisichofaa, itaonyesha kitu kisichofaa kwa unadhifu uleule.

Mtego unaojitokeza mara nyingi ni wa jina la aina. Lebo nyingi zinazokuja pamoja na programu zimeelekezwa kwenye jina hilo, na jina ni maneno yaliyoandikwa na mtu. Mchoraji huchukua aina iliyopo iitwayo "50 x 200", anaibadilisha kimo kuwa milimeta 150 kwa ajili ya chumba kidogo, na hagusi jina. Kuanzia hapo modeli ina boriti ya milimeta 150, na lebo inaendelea kusema 200. Au kinyume chake: mhandisi ameongeza kimo hadi 200, lakini jina limebaki "50 x 150", na hilo ndilo linalokwenda dukani.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Ugumu wa boriti dhidi ya kupinda hufuata kimo chake kikizidishwa chenyewe mara 3. Boriti ya milimeta 150 yenye upana uleule ina takriban asilimia 42 tu ya ugumu wa ile ya 200, na nguvu yake dhidi ya kuvunjika ni takriban asilimia 56. Sakafu ya namna hiyo huenda isianguke siku ya kwanza. Itacheza watu wakitembea, dari ya chini itapata nyufa, na siku kwaya ikisimama pamoja juu yake ndipo maswali yatakapoanza.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mchoraji, kabla ya lingine lolote, ni hili: lebo zako zinasoma jina au zinasoma vipimo vyenyewe? Kuna njia rahisi ya kuhakikisha, na mwanakamati yeyote anaweza kuifanya hata kama hajawahi kushika kompyuta. Mwombeni achague boriti moja mbele yenu, abadilishe kimo chake, kisha muangalie lebo. Ikibadilika, inasoma kipimo. Isipobadilika, ama inasoma jina, ama si lebo kabisa bali ni maandishi ya kawaida yaliyobandikwa juu. Baada ya hapo arudishe alichobadilisha. Jaribio hili halimalizi dakika 2 na halimdhalilishi mtu.

Jinsi lebo inavyobadilishwa

Katika Revit, lebo ni faili dogo linalojitegemea, nalo huitwa familia. (Jina hili huwachekesha wengi, lakini ndilo linalotumika.) Mchoraji huichagua lebo kwenye ramani, huifungua familia yake, na ndani yake hukuta kisehemu cha maandishi. Akikifungua huona orodha mbili: upande mmoja visanduku vyote ambavyo lebo inaruhusiwa kuvisoma, upande wa pili vile vilivyochaguliwa. Huhamisha anavyovitaka, huvipanga kwa utaratibu anaoutaka, na kwa kila kimoja anaweza kuandika maneno ya kutangulia na ya kufuatia. Anaweza pia kuamuru kimoja kianze mstari mpya. Akimaliza huirudisha familia kwenye modeli, na lebo zote za aina hiyo hubadilika kwa pamoja, hata zikiwa 300.

Maneno ya kutangulia na ya kufuatia yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Programu haijali lugha. Badala ya lebo isemayo "50x200", fundi anaweza kupata yenye mistari miwili:

Boriti 50 kwa 200, paini
Kata mm 3800

Mimi napendelea mistari miwili na isizidi hapo. Nimeona ramani moja ambayo lebo zake zilikuwa na mistari mitano, na mafundi waliacha kuzisoma wakawa wanaulizana.

Hapa kuna tahadhari. Maneno ya kutangulia na ya kufuatia ni ya kudumu. Hayasomwi kutoka kwenye boriti, bali yameandikwa kwenye lebo na yatatokea popote lebo hiyo itakapowekwa. Neno "Boriti" halina madhara. Lakini mchoraji akiandika "paini" kama neno la kufuatia, hata boriti ya mninga iliyo kando ya ngazi itaitwa paini. Kanuni ya kufuata ni kwamba chochote kinachoweza kutofautiana kati ya boriti na boriti kisomwe kutoka kwenye kisanduku, na maneno ya kudumu yawe yale tu ambayo ni kweli kwa boriti zote.

Vipi kama kisanduku kinachotakiwa hakipo? Mathalani kamati inataka lebo itaje jina la sokoni, "2 kwa 8", kwa sababu muuza mbao hajui milimeta. Mchoraji anaweza kutengeneza kisanduku kipya, lakini kisanduku kilichotengenezwa ndani ya familia ya boriti peke yake hakiwezi kusomwa na lebo. Ni lazima kiwe cha pamoja. Taarifa za visanduku vya pamoja huhifadhiwa kwenye faili la maandishi lililo nje ya modeli, na kila kimoja hupewa namba ndefu ya utambulisho. Lebo na boriti hutambuana kwa namba hiyo, si kwa jina. Ni kama washarika wawili wenye jina moja kwenye daftari la ahadi: jina linafanana, bahasha ni mbili. Wachoraji wawili wakitengeneza kila mmoja kisanduku chake kiitwacho "Jina la sokoni", lebo ya mmoja haitaona kitu kwenye boriti za mwingine. Itabaki tupu au itaonyesha alama ya kuuliza. Hivyo mkiona alama za kuuliza juu ya boriti kwenye ramani iliyokwisha kuchapwa, rudisheni ramani. Kuna taarifa ambayo haikujazwa au haikuunganishwa.

Kwa sababu hiyo faili hilo la maandishi linapaswa kutunzwa mahali pamoja na kutumiwa na wachoraji wote wa miradi yenu. Likipotea, visanduku vilivyokwisha kuingia kwenye modeli haviharibiki, lakini mchoraji atakayekuja baadaye akitengeneza vyake upya kwa majina yaleyale, usumbufu niliousema utaanza.

Milimeta 400 kutoka wapi hadi wapi?

Sasa tuje kwenye nafasi kati ya boriti na boriti, maana hapa ndipo idadi ya mbao inapoamuliwa.

Boriti nyingi zikipangwa pamoja, mchoraji hazichori moja moja. Huchora mpaka wa eneo, na programu hulijaza kwa kanuni. Anaweza kusema nafasi iwe kiasi fulani bila kubadilika, au idadi ya boriti iwe kiasi fulani, au nafasi isizidi kiasi fulani, au uwazi kati ya boriti na boriti uwe kiasi fulani. Kanuni hizi nne hazileti matokeo sawa.

Turudi kwenye chumba chetu. Kutoka katikati ya boriti ya kwanza hadi katikati ya boriti ya mwisho ni meta 8.8. Nafasi ikiwa milimeta 400 kutoka kati hadi kati, tunapata nafasi 22 na boriti 23. Mchoraji akichagua kanuni ya uwazi, milimeta 400 zitapimwa kutoka ubavu wa boriti hadi ubavu wa boriti inayofuata. Kwa kuwa kila boriti ina unene wa milimeta 50, kati hadi kati inakuwa 450. Hapo zinaingia boriti 20, na inabaki nafasi ya milimeta 250 inayohitaji boriti ya 21 ukutani. Namba iliyo kwenye lebo ni ileile 400, lakini sakafu ya pili ina boriti pungufu 2, na kila moja iliyobaki inabeba mzigo zaidi ya ule aliouhesabu mhandisi. Na kama mtu kwa haraka ameacha 600 iliyokuwa kwenye kazi yake ya awali, boriti ni 16 badala ya 23.

Kwa hiyo lebo isiseme 400 peke yake. Iseme "kila mm 400 kati kwa kati". Hayo maneno ya mwisho ni maneno ya kufuatia tu, ambayo mchoraji huyaongeza mara moja. Lakini kabla ya kuyaongeza athibitishe kwamba kanuni aliyoitumia ni ya kati kwa kati, la sivyo lebo itakuwa inasema uongo kwa Kiswahili fasaha.

Kuna jambo ambalo huwasumbua hata wachoraji wenyewe. Nafasi si mali ya boriti moja. Ni mali ya kundi zima. Boriti ikiwa peke yake haijui jirani yake yuko umbali gani, kwa hiyo lebo ya boriti moja moja haiwezi kusoma nafasi. Lebo ya kundi inaweza, nayo ni familia nyingine kabisa. Mchoraji asiyelifahamu hili hutengeneza kisanduku cha mkono kwenye kila boriti na kuandika humo "400". Kwa kufanya hivyo anarudi kwenye uchoraji wa zamani: siku nafasi itakapobadilika, maandishi yatabaki. Njia iliyo salama ni kutumia lebo mbili. Lebo moja ya kundi iwekwe katikati ya chumba, itaje aina ya boriti na nafasi. Lebo za boriti moja moja ziwekwe pale tu panapotofautiana, kama boriti pacha zinazozunguka tundu la ngazi. Ramani inakuwa nyepesi kusomeka na hakuna namba ya mkono iliyofichwa.

Urefu wa kuhesabu na urefu wa kukata

Wazee wetu wa pwani walilijua suala la urefu wa boriti vizuri sana. Nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu zina vyumba virefu vilivyo vyembamba kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukuweza kuvuka nafasi kubwa. Upana wa chumba ulipangwa na mti. Sisi siku hizi hupanga chumba kwanza ndipo tuutafute mti.

Mbao nyingi za paini sokoni hapa Tanzania huuzwa zikiwa na urefu wa futi 12, yaani meta 3.66 hivi. Chumba chetu kina upana wa meta 3.6. Kwa haraka mtu atasema mbao za futi 12 zinatosha na zinabaki. Lakini boriti hailali hewani. Inatakiwa iingie au ikae juu ya ukuta pande zote mbili, na katika mfano wetu mhandisi ametaka milimeta 100 kila upande. Urefu wa kukata ni meta 3.8. Mbao ya futi 12 itabakiza milimeta 30 tu za kukalia kila upande, na hizo hazitoshi kushikilia sakafu.

Revit hutunza urefu wa boriti katika visanduku viwili. Kimoja ni urefu kati ya ncha za mstari ambao boriti ilichorewa, yaani toka tegemeo hadi tegemeo. Cha pili ni urefu wa kukata, yaani wa ile mbao yenyewe kama ilivyo kwenye modeli. Vinaweza kulingana, na vinaweza kutofautiana. Kwa mhandisi anayehesabu mzigo, cha kwanza kina maana. Kwa mtu anayekwenda kununua, cha pili ndicho chenye maana, na ndicho kinachopaswa kuonekana kwenye lebo ya ramani ya fundi. Na ni lazima pia boriti iwe imechorwa hadi ndani ya ukuta. Kama mpaka wa kundi umechorwa kwenye uso wa ndani wa ukuta, hata urefu wa kukata utasoma 3600, kwa kuwa ndivyo modeli inavyoamini. Ombeni picha ya mkato wa jengo, muone kwa macho yenu ncha ya boriti inaishia wapi.

Kwa chumba chetu kuna njia mbili: kuagiza mapema mbao za futi 14, au kumwomba mbunifu apunguze upana wa chumba kidogo ili futi 12 zitoshe. Njia ya pili mara nyingi ni nafuu, lakini inawezekana tu kabla msingi haujachimbwa. Lebo yenye urefu wa kukata huwaonyesha jambo hili wakati bado mna nafasi ya kuchagua.

Ramani zinazotoka kwa marafiki wa ng'ambo

Baadhi ya sharika hupata msaada wa ramani kutoka kwa wataalamu wa kujitolea walioko Marekani au Ulaya, na tunawashukuru kwa moyo wote. Lakini lebo husafiri na desturi za kwao. Mmarekani akiandika 2x8, mbao anayoifikiria ina inchi 1.5 kwa 7.25, yaani milimeta 38 kwa 184 hivi, kwa sababu kule jina ni la mbao kabla ya kukaushwa na kupigwa randa. Hapa kwetu 2 kwa 8 ambayo haijapigwa randa inakaribia milimeta 50 kwa 200. Jina ni lile lile na mbao ni mbili. Kwa nguvu hamjapoteza kitu, lakini sakafu inapanda kwa milimeta 16, na ngazi iliyohesabiwa kwa mbao ya kwao itakuwa na kidato kimoja kisicholingana na vingine.

Kwenye kumbi kubwa mnaweza kukuta lebo kama 18K4. Hiyo si mbao. Ni boriti ya chuma iliyosukwa kwa vyuma vyembamba, kwa viwango vya Steel Joist Institute ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1928. Namba 18 ni kimo cha inchi 18, K ni jina la kundi, na 4 inahusu ukubwa wa vyuma vya juu na chini. Jina kama hilo kwenye ramani ya hapa halimsaidii mchomeleaji wetu hata kidogo. Aliyechora aombwe lebo inayotaja kimo kwa milimeta na karatasi ya namna boriti inavyosukwa, na mhandisi wa hapa aihesabu upya kwa vyuma vinavyopatikana.

Kuhusu futi na milimeta, hakuna sababu ya kuchora upya. Lebo inaweza kupewa vizio vyake yenyewe, tofauti na vya modeli. Modeli moja inaweza kuchapisha karatasi za milimeta kwa ajili ya fundi na karatasi za futi na inchi kwa ajili ya rafiki aliyeko Minnesota. Ombeni hivyo, si kazi kubwa.

Ukubwa wa maandishi

Hili ni jambo la kawaida mno, lakini limewasumbua wengi. Maandishi ya lebo hupangwa kwa ukubwa wa kwenye karatasi, na milimeta 2.5 ni ukubwa uliozoeleka. Ramani ikichapwa kwenye karatasi ya A3 inasomeka vizuri. Kisha sharika hutoa kivuli cha A4, kwa kuwa ndiyo mashine iliyopo mjini, na maandishi yanakuwa na milimeta 1.8 hivi. Baada ya kivuli cha kivuli, namba 6 na 8 hazitofautishwi. Na 2 kwa 6 na 2 kwa 8 tumekwisha kuona tofauti yake. Mwambieni mchoraji mapema kwamba ramani itatolewa kivuli cha A4, aongeze maandishi ya lebo yawe milimeta 3.5. Ni badiliko moja ndani ya familia ya lebo.

Gharama, na nani afanye

Usharika hauhitaji kununua programu hizi. Tangu mwaka 2016 Autodesk haiuzi leseni mpya za kudumu za Revit, bali hulipiwa kwa kipindi, na mzigo huo ni wa ofisi ya uchoraji. Kinacholipiwa na mradi ni saa za mchoraji. Kuandaa familia za lebo, visanduku vya pamoja na maneno ya Kiswahili ni kazi ya mara moja, na mafaili hayo hutumika tena kwenye jengo linalofuata na la usharika mwingine. Kwa wafadhili wanaoona mstari wa "maandalizi ya michoro" kwenye bajeti na kujiuliza ni wa nini, sehemu yake ni hii. Kwenye mkataba wa uchoraji iandikwe kwamba mafaili ya lebo yatakabidhiwa pamoja na ramani.

Aidha ieleweke kwamba lebo haipimi kama boriti inatosha. Inataja tu. Anayesema inatosha ni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na sahihi yake iwe kwenye karatasi ileile yenye lebo mnazozifuata, si kwenye toleo la miezi miwili nyuma.

Mwisho ni orodha ya mbao. Modeli inaweza kutoa jedwali la boriti zote, likisoma visanduku vilevile vinavyosomwa na lebo: ukubwa, urefu wa kukata, idadi. Kwa chumba chetu litasema boriti 23 za 50 kwa 200, kata 3800. Maadamu jedwali liko ndani ya modeli, linakwenda pamoja na lebo. Likishahamishiwa kwenye Excel na kutumwa kwa barua pepe, halibadiliki tena hata modeli ikibadilika mara kumi, na ndilo ambalo kwa kawaida huingia kwenye andiko la kuomba fedha. Mtunza hazina anapopokea orodha hiyo aweke ramani pembeni yake, alinganishe tarehe, kisha achague vyumba vitatu na kuhesabu boriti kwa kidole.